Pikapu Inachemsha Baada ya Kufungwa Feni za Umeme: Tafuta Kosa Kabla Hujanunua Feni Nyingine

Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ilitoka kiwandani bila turbo. Ni injini ya dizeli ya silinda 6, lita 4.2, na mbele yake kuna feni kubwa inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Mwenye gari akishaongeza turbo na intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), injini inachoma dizeli nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya joto lake inaingia kwenye maji. Intakula nayo imekaa mbele ya rejeta, kwa hiyo hewa inafika kwenye rejeta ikiwa tayari imepata moto. Hapo ndipo ushauri wa feni za umeme unapoingia: ng'oa feni ya mkanda kwa sababu inakula nguvu ya injini, funga mbili za umeme nyuma ya rejeta, pikapu itakuwa nyepesi.

Nyepesi inakuwa kweli. Halafu inaanza kuchemsha kwenye foleni, au inapanda mlima wa Kitonga na mzigo na mshale wa joto unapanda nayo. Fyuzi inaungua mara kwa mara, au feni haizimiki na asubuhi betri imelala. Mwenye gari ananunua feni kubwa zaidi, tatizo linabaki palepale, ananunua nyingine.

Kwa magari niliyoyaona, feni yenyewe mara nyingi ni nzima. Kosa liko kwenye waya, ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), mahali palipofungwa swichi ya joto, au kava la kuelekeza hewa lisilokuwepo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupima na unaishia na kununua, na mara nyingi utagundua hakuna cha kununua zaidi ya mita chache za waya. Mfano wangu ni hiyo 79, lakini hatua zinafaa Hilux, Patrol au pikapu ya Marekani yenye V8.

Vifaa

Multimita. Klampumita (inayobana waya na kupima ampea) inayopima umeme wa DC. Angalia vizuri unaponunua, kwa sababu nyingi za bei ndogo hupima AC tu na hazitakusaidia kwenye gari. Kipimajoto cha mionzi kinachoelekezwa kwenye hozi. Karatasi moja ya daftari.

Mambo mawili ya usalama. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata funguo ikiwa mfukoni mwako, kwa hiyo chomoa fyuzi yake kabla hujaingiza mkono. Na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Mfuniko wa 0.9 bar hufanya maji, huku pwani, yachemkie karibu nyuzi 118 badala ya 100. Ukiufungua presha inaondoka papo hapo na maji yanalipuka kuwa mvuke usoni pako. Mfuniko uliochoka nao ni kosa la kutafutwa: Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo mfuniko usioshika unaweza kuchemsha gari ambalo halina ubaya mwingine wowote.

Jambo la tatu si la usalama wako bali wa feni. Baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani zina umeme wa volti 24. Hesabu betri na upime kabla ya kuunganisha feni ya volti 12.

Hatua ya 1: Jua inachemsha wakati gani

Usiguse spana kabla ya kujibu swali hili. Linakata nusu ya kazi.

Ikichemsha kwenye foleni au ikisimama sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na AC imewashwa, kisha ikapoa ukianza kutembea, kosa ni la upepo wa feni. Endelea na hatua zote zinazofuata.

Ikichemsha kwenye barabara tambarare ukiwa 80 au 100 kwa saa, usimlaumu feni. Kwa mwendo huo upepo wa gari lenyewe unatosha, hata feni ikiwa imezimwa. Tafuta rejeta iliyoziba ndani kwa kutu au nje kwa vumbi na mbegu za nyasi, thamostati (vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta) isiyofunguka yote, pampu ya maji iliyoliwa mapanga, au mkanda unaoteleza. Kuna sababu mbili tu zinazohusu feni kwa mwendo huo: inazunguka kinyume, au kava lake limefunga rejeta kiasi kwamba upepo hauna pa kutokea. Nitazirudia.

Ikichemsha kwenye mlima mrefu, gia ya pili, mzigo nyuma, mwendo wa 20 au 30, huo ndio mtihani mgumu kuliko yote. Injini inatoa nguvu zake zote na upepo wa mwendo karibu haupo. Feni ya mkanda hapa ina faida kubwa: injini ikizunguka kwa kasi, nayo inavuta kwa nguvu zaidi. Feni ya umeme inatoa kilekile inachotoa sailensa. Kwa hiyo pikapu inaweza kufaulu foleni ya Ubungo na kuanguka Kitonga, bila fundi kuwa amekosea chochote kwenye waya.

Na ikiwa maji yanapungua bila kuvuja, hozi ni ngumu asubuhi kabla ya kuwasha, au unaona mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiwashwa baridi, acha feni. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na kwa injini iliyoongezewa turbo si jambo geni. Hakuna feni itakayoiponya.

Hatua ya 2: Upepo unaelekea wapi?

Washa feni gari likiwa limesimama, weka karatasi mbele ya grili. Feni iliyofungwa nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta, na karatasi inaganda. Ikisukumwa mbele, waya wa chanya na hasi zimebadilishana. Feni hiyo inapigana na upepo wa barabarani, na ndiyo maana gari linaonekana afadhali likisimama kuliko likikimbia.

Kuna kosa la hila zaidi. Feni nyingi za madukani zinauzwa kwa matumizi yote mawili, kuvuta au kusukuma, na ukibadilisha matumizi inabidi ugeuze panga lenyewe pamoja na kubadilisha waya. Mtu akibadilisha waya tu, hewa inakwenda upande sahihi lakini panga linakata hewa kwa mgongo wake. Karatasi itaganda, lakini kidogo. Soma karatasi ya maelekezo iliyokuja na feni, na linganisha mkunjo wa panga na mshale uliochorwa.

Hatua ya 3: Pima volti kwenye plagi ya feni, feni ikifanya kazi

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Washa injini, washa taa kubwa, washa AC, acha feni zizunguke. Pima betri kwanza: altaneta nzima itakupa volti 13.5 hadi 14.4. Sasa pima kwenye plagi ya feni yenyewe, ikiwa imeunganishwa na inazunguka. Kupima plagi iliyochomolewa ni kujidanganya, kwa sababu waya uliobakiza nyuzi mbili nzima bado utaonyesha volti 14 usipobeba mzigo.

Tofauti kati ya betri na plagi isizidi nusu volti. Ukikuta betri ina 13.8 na plagi ina 11.5, umempata mwizi. Mota ya feni hupunguza kasi karibu sawa na volti zinavyopungua, kwa hiyo umepoteza moja ya sita ya mzunguko. Lakini nguvu ya kuvuta hewa ipenye kondensa ya AC, intakula na rejeta hushuka kwa kipeo cha pili cha kasi, na hapo umepoteza karibu theluthi. Feni inasikika inazunguka vizuri, kila mtu anaridhika, na gari linachemsha.

Waya mwembamba ndio chanzo cha kawaida. Chukua feni inayokula ampea 30 na waya wa mita 3 kutoka kwenye betri. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unapoteza volti 1 nzima. Wa 2.5 unapoteza 0.6. Wa 6 unapoteza chini ya 0.3. Hesabu hiyo ni ya upande wa chanya peke yake. Kama hasi nayo imepita kwenye waya wa namna ileile, zidisha mara mbili. Waya wa nyumbani wa nyuzi nene usitumie kabisa, mtetemo wa dizeli unaukata ndani ya ganda na hutauona. Na wapo wauzaji wa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba: kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe, rudisha.

Ili kujua upande upi una kosa, weka multimita ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya plagi, feni ikizunguka. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Rudia kwa hasi: hasi ya betri na hasi ya plagi. Upande wa hasi ukizidi 0.2, shughulikia ethi. Bolti iliyokazwa juu ya rangi au kutu si ethi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Mimi napendelea kurudisha hasi ya feni moja kwa moja hadi betri kwa waya wa unene uleule wa chanya, kwa sababu kwenye pikapu ya miaka mingi, bodi, chesi na injini huwa zimeunganishwa na vipande vya waya ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Hatua ya 4: Rilei na fyuzi

Umeme wa feni usipite kwenye swichi ya dashibodi. Swichi iamshe rilei, rilei ibebe mzigo. Kwenye rilei ya kawaida ya magari, namba 30 inapokea chanya kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda feni, 85 na 86 ni koili inayoiamsha rilei. Kila feni ipewe rilei yake na fyuzi yake. Zikishirikiana moja, siku rilei hiyo ikifa zimekufa zote, tena kwa kawaida ni katikati ya mlima.

Mota ya feni inapoanza huvuta mara mbili au tatu ya ampea zake za kawaida kwa sekunde moja hivi. Rilei iliyoandikwa ampea 40 lakini nyepesi mkononi na ya bei ya kutupa haitavumilia. Pointi zake huungua, na zikiungua huongeza ukinzani, au hugandana na feni isizime tena. Gusa rilei baada ya nusu saa ya kazi. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, au soketi yake imebadilika rangi kuwa kahawia, badilisha vyote viwili, si rilei peke yake.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 au 30, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Fyuzi ya 30 ikiungua, usiweke 60. Pima kwanza feni inakula ngapi kwa klampumita. Feni ya ampea 25 inayokula 38 ina bearing iliyokufa au matope kwenye mota, na fyuzi ilikuwa inakuambia ukweli.

Kosa moja linalowachanganya sana mafundi: unazima funguo na injini inaendelea kuunguruma kidogo kabla ya kuzima. Hutokea pale chanya ya rilei ilipochukuliwa kwenye waya wa swichi ya gari badala ya betri. Feni inayozunguka bado ina mwendo, na mota inayozungushwa huzalisha umeme. Umeme huo unarudi nyuma na kuishikilia solenoidi ya kukata mafuta (vali ya umeme inayozuia dizeli), au kompyuta ya injini. Hamisha namba 30 iende betri, tatizo linakwisha.

Hatua ya 5: Altaneta inaweza?

Jumlisha. Feni mbili za ampea 22 kila moja ni 44. Taa kubwa kama 10. Feni ya AC ya ndani 15. Klachi ya kompresa 4. Tayari uko 73, bado redio, taa za ziada na jokofu la safari. Altaneta iliyoandikwa 80 hutoa 80 ikizunguka kwa kasi. Sailensa hutoa karibu nusu. Kinachobaki kinatolewa na betri.

Kwenye foleni ya saa nzima usiku, volti zinashuka kutoka 14 hadi 12 na kitu, feni inapunguza kasi, joto linapanda, na kadiri linavyopanda feni haipumziki hata dakika. Ukiona mshale wa joto unapanda pamoja na taa kufifia, tatizo lako ni chaji. Dawa ni altaneta kubwa zaidi pamoja na waya mnene kutoka altaneta hadi betri, au feni zinazokula kidogo. Kupandisha sailensa kidogo AC ikiwashwa kunasaidia pia, na mfumo wa kufanya hivyo huenda tayari upo kwenye injini yako, umekatwa tu.

Hatua ya 6: Swichi ya joto

Kile kijiti cha kupima joto kinachochomekwa katikati ya mapezi ya rejeta kitoe. Kinasoma joto la kipande kimoja cha pezi, upepo ukikipuliza kinadanganyika, na kwa mtetemo kinakwangua mirija mpaka inavuja. Tumia swichi ya kuzungushwa na kukazwa kama bolti, inayogusa maji yenyewe.

Ifungwe upande wa moto, yaani pale maji yanapotoka kwenye injini, kabla hayajapita thamostati. Ukiifunga upande wa chini, siku thamostati ikigoma kufunguka, maji ya moto hayatafika kwenye rejeta, swichi itabaki baridi, na feni zitakaa kimya huku injini ikiungua.

Halafu namba. Thamostati ya 82 huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na hufunguka yote karibu na 95. Swichi inayowasha kwa 80 na kuzima kwa 75 upande wa moto haitazima kamwe injini ikishapata joto, kwa sababu thamostati hairuhusu maji yashuke huko. Watu huiona kama tahadhari, kumbe wanaua mota za feni na kuichosha altaneta mchana kutwa. Kwa thamostati ya 82, washa kwenye 95 hivi, zima kwenye 88 hadi 90. Ukiwa na feni mbili, ya pili iwake nyuzi chache juu ya ya kwanza. Zisianze kwa wakati mmoja.

Toa hewa vizuri baada ya kujaza maji. Swichi iliyokaa ndani ya povu la hewa haisomi kitu.

AC iwe na waya wake wa kuamsha angalau feni moja kila kompresa inaposhika, bila kusubiri joto la maji. Kondensa ikikosa upepo, presha ya gesi inapanda, kompresa inakatika, na ndani ya gari kunakuwa tanuri.

Hatua ya 7: Kava na nafasi

Tuseme rejeta yako ni sentimita 65 kwa 45, eneo la sentimita za mraba 2,925. Feni mbili za inchi 12 zina jumla ya duara 1,460 hivi, na katikati ya kila moja kuna mota inayoziba. Zikibanwa moja kwa moja kwenye rejeta bila kava, zinavuta hewa kwenye nusu ya rejeta tu. Nusu nyingine umeibeba bure.

Kava lifunike rejeta yote, liache sentimita 2.5 au zaidi kati ya panga na mapezi ili hewa itoke pembeni kote, na kingo zake zizibwe kwa raba ili feni isinyonye hewa ya moto kutoka upande wa injini. Bati la milimita 1.5 linatosha, fundi bodi yeyote anaweza kulikunja. Likiwa limefunga sana, toboa matundu pembeni na uyafunike kwa vipande vya raba vinavyoning'inia: ukiwa na mwendo upepo unavisukuma na kupita, ukisimama feni inavivuta vijifunge. Hii ndiyo dawa ya pikapu iliyopoa foleni ikaanza kuchemsha barabara kuu.

Zile kamba za plastiki za kufungia feni zinazopitishwa katikati ya mapezi, kata leo. Mtetemo wa dizeli na barabara ya makorongo vitazifanya msumeno. Feni ishikwe na kava, kava lishikwe na fremu ya rejeta.

Ukivuka mito, zima feni kwa swichi ya mkono kabla ya kuingia majini, na ukitoka ziache dakika moja zijikaushe. Hapa feni za umeme zina faida ya kweli, kwa sababu feni ya mkanda ikipiga maji panga hupinda na kuchana rejeta. Baada ya matope, osha mota kwa maji yasiyo na presha kubwa.

Hatua ya 8: Jaribio, kisha uamuzi

Pakia mzigo wa kawaida, washa AC, na simama sailensa jua la saa nane kwa nusu saa. Joto likibaki kati ya namba ya kuwasha na ya kuzima, na feni zikawaka na kuzima zenyewe, sehemu ya umeme imekamilika. Sasa tafuta mlima: Kitonga, Sekenke, au ule wa Mai Mahiu ukitokea Naivasha. Panda kwa gia ndogo, AC imezimwa. Pima kwa mionzi hozi ya juu na ya chini ukifika kituo salama. Hozi ya chini ikiwa karibu sawa na ya juu, maji yanapita bila kupozwa: upepo hautoshi, au mapezi yameziba.

Ikiwa volti ziko sawa, kava liko sawa, rejeta ni safi na bado mlima unakushinda, hizo feni hazitoshi kwa injini hiyo na mzigo huo. Kwa pikapu ya kubeba tani moja au kuvuta trela, ushauri wangu ni kurudisha feni ya mkanda. Mara nyingi iling'olewa kwa sababu klachi yake ilikuwa imechoka: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono, ikizunguka kirahisi bila kukataa, au ina alama za mafuta katikati, haishiki. Klachi nyingi za Toyota hufunguliwa na kuongezwa mafuta ya silikoni kwa gharama ndogo kuliko feni moja ya umeme. Rudisha na kava lake la plastiki la kiwandani, kisha hamishia feni moja ya umeme mbele ya kondensa kwa ajili ya AC, ukigeuza panga lake na kubadilisha waya zake ili isukume.